Siku Walipomsamehe Bi Ndoo

Ukitaka kumfunga mtu usihangaike na kamba. Msifu. Kamba ataikata akipata kisu, lakini sifa ataibeba mwenyewe, ataipangusa vumbi, na kila akienda ataenda nayo. Bi Ndoo alifungwa hivyo, na waliomfunga walikuwa watu wema kabisa, majirani zake, ambao hadi leo ukiwaambia walimfunga watakuona una wazimu.

Alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa kibarazani, nje ya chumba cha mwisho katika nyumba ndefu ya wapangaji, pale mwanga wa asubuhi unapofika kwanza. Alishona sare za shule, akapunguza suruali za wanaume waliokonda, akapanua magauni ya wanawake walionenepa, na hakumwambia hata mmoja wao kwamba ameona. Ndivyo alivyokuwa tangu ujana wake: aibu ya mtu akiikuta, aliikunja akaiweka. Mumewe alikuwa amefariki, watoto hawakujaliwa kupata, na ndugu wa tumbo moja aliyebaki duniani alikuwa mdogo wake wa kike, aliyeishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi.

Nyuma ya nyumba ile palikuwa na kiwanja. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mbao ambaye alikinunua akakisahau, na watu wakamsaidia kukikumbuka kwa kutupa takataka. Mwaka aliofiwa na mumewe, Bi Ndoo alianza kufagia ile pembe iliyotazamana na dirisha lake. Msidhani ni kwa kupenda maendeleo. Usingizi ulimkataa, na harufu ilimfuata mpaka kitandani. Akafagia, akachoma, akachimba kidogo, akapanda mchicha, na mchicha haujui kukataa mahali. Jirani yake muuguzi, akirudi zamu, alisimama kuutazama, akauliza kama na yeye anaweza kupata mahali pa bamia. Kinyozi wa chumba cha mbele akasema yeye anataka nyanya. Mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa rafiki wa marehemu na kwa hiyo alimwita Bi Ndoo shemeji, akasema jambo likishafika watu wanne linahitaji mwenyekiti, na kabla hawajajibu alikuwa ameshajiteua.

Mwenye mbao alipopata habari alikuja kwa gari, akashusha kioo, akatazama matuta yaliyonyooka na vyandarua vilivyochakaa vikizuia kuku. Hakuwa mtu mbaya, wala mwema sana. "Limeni," alisema. "Maadamu naona kijani, limeni. Siku nikikuta pamekauka, najenga ghala." Akapandisha kioo.

Basi wakalima. Kila nyumba tuta lake, kila mtu kwa hiari yake, na mavuno ya ziada yalipelekwa kwa wazee wasioweza kujipikia. Maji yalikuwa ya koki moja tu, ukutani, na yalikuja alfajiri yakakatika jua likianza kuchoma. Ufunguo wa koki akapewa fundi cherehani kwa sababu ndiye aliyelala karibu. Kwa kuwa hakuonekana tena bila ndoo mkononi, watoto wakambatiza Bi Ndoo, na jina lake la kwanza likabaki kanisani na benki.

Msimu wa kwanza nusura bustani ife kwa mdomo. Tuta la kinyozi lilikauka, maana mkewe alikuwa amelazwa, na mwalimu akamsimamisha mbele ya watu kama mtoto wa darasa la tatu, akamuuliza nyanya zimemkosea nini. Kinyozi akaondoka zake. Ila wiki hiyohiyo mwalimu alikwenda kunyolewa, akatoka na kichwa chenye ngazi ngazi, na kwa muda watu wawili wale hawakusalimiana, na watu wakaanza kugawanyika, hawa wa mwalimu, wale wa kinyozi.

Hapo ndipo Bi Ndoo aliposimama katikati ya kikao, mtu ambaye kwa kawaida hakusimama. "Jamani, tusisemane," alisema. "Hakuna anayekauka kwa kupenda. Ukipita ukakuta tuta la mwenzio lina kiu, limwagilie, nenda zako. Usimwambie yeye, usimwambie na mwingine. Kukauka si kosa. Kosa ni kupita na maji mkononi ukamwacha mwenzio akauke."

Wakapiga makofi. Mwalimu, ambaye nywele zake zilikuwa bado hazijasawazika, aliona aibu, kisha akaona fahari, akayaandika maneno yale ukutani kwa rangi ya bluu. Ikawa ndiyo sheria ya bustani, na wenyewe waliipenda kuliko bustani. Watu wa mitaa mingine walipokuja kutazama, hawakuonyeshwa kwanza bilinganya. Walionyeshwa ukuta.

Nami nawaambia, sheria nzuri ni kama kiti kizuri. Mtu akishakikalia hataki kuinuka.

Muuguzi, siku moja, alichoka tu, akalala. Alipoamka na kwenda bustanini alikuta bamia zake zimelowa. Akasema moyoni, Mungu ambariki aliyefanya hivi. Wiki iliyofuata akachoka tena, na bamia zikalowa tena. Kinyozi naye vivyo hivyo, na mwalimu, na wengine wote waliokuwa na matuta. Kila mmoja aliamini ni yeye peke yake anayebebwa, na kwamba wenzake wanabebana kwa zamu huko alfajiri. Aibu ilimwambia anyamaze, na sheria ikamwambia amefanya vizuri kunyamaza. Jumamosi walikuja wote, wakapalilia kwa vicheko, wakavuna, wakaulizana habari za watoto. Bustani ilikuwa inang'aa. Usione vyaelea, vimeundwa, na aliyeunda alikuwa mmoja.

Mwanzoni Bi Ndoo alipenda. Tuseme ukweli. Alikuwa mjane kwenye chumba kimoja, na ghafla akawa na mahali ambapo akikosekana ataonekana. Alimwagilia tuta la mmoja, kisha la wa pili, na kila alipomwona mwenyewe amesimama pale Jumamosi akitabasamu asijue amshukuru nani, alijisikia tajiri. Kisha matuta yakawa yote. Kisha kiangazi kikaja kirefu, koki ikaanza kutoa maji kwa kukohoa, na yeye akawa anaamka giza halijapasuka, anajaza, anabeba, anamwaga, anarudi, mpaka maumivu ya mgongo yakawa yanaamka kabla yake. Nguo za wateja zikalundikana kibarazani. Alikuwa akikaa kwenye cherehani anasinzia mguu ukiwa kwenye pedali.

Na kusema hakuweza. Aseme nini? Akisema anamwagilia yote, amewasema wote kwa mkupuo mmoja, yeye aliyewafundisha wasisemane. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yanamtazama kutoka ukutani, herufi kubwa kama za duka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo usiouona hata huo usufi hauna. Alijiona amefungwa, na akitafuta aliyemfunga, anajikuta yeye.

Ndipo mdogo wake alipoanguka bafuni akavunjika nyonga.

Alifanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani, akalazwa kitandani na kuambiwa ajifunze kutembea pole pole. Alipiga simu. "Dada, sikuombi hela," alisema. "Naomba uje ukae na mimi. Kwenda chooni namwita binti wa jirani, na mtu mzima naona haya."

"Nakuja, mdogo wangu. Wiki ijayo. Ngoja niweke mambo ya bustani sawa."

Jumamosi ile aliwaambia wenzake kwamba ana mgonjwa, anataka kusafiri. Walimpa pole kwa mioyo yao yote. "Nenda, mama," alisema kinyozi. "Bustani tupo sisi. Si ndiyo maana ya umoja?" Wengine wakaitikia, tupo, tupo, na kila mmoja alipotamka neno lile alikuwa anawatazama wengine.

Bi Ndoo aliijua ile tupo. Mwaka mmoja nyuma alikwenda mazikoni kwa shangazi yake, akalala siku mbili tatu tu, akarudi akakuta nyanya zimelala chali na watu wote wana furaha, maana kila mtu alijua wenzake wamemwagilia. Aliamka alfajiri akaziokoa, hakumwambia mtu. Hilo lilikuwa kosa lake kubwa kuliko yote, lakini nani angemweleza? Na sasa kiangazi kilikuwa kikali mara mbili. Akienda, bustani inakufa, mwenye mbao analeta mafundi, na wazee wale wanakosa mboga. Asipoenda, mdogo wake anabebwa chooni na mtoto wa watu.

Wiki ijayo ikawa wiki ijayo nyingine. Mdogo wake akiulizwa hali alisema anaendelea, na alianza kuwa na desturi ya kuuliza kwanza, "Bustani haijambo?" Hakuuliza kwa kejeli. Laiti angeuliza kwa kejeli. Mpaka asubuhi moja, Bi Ndoo akiwa pale kwenye koki anasubiri ndoo ijae, simu ikaita, naye akaanza kueleza tena habari za kiangazi, na mdogo wake akamkatiza kwa upole.

"Basi dada, usihangaike tena. Nimeshazoea."

Bi Ndoo aliinama, akafunga koki, akaimwaga ile ndoo yote kwenye tuta lake mwenyewe. Kisha akaifudikiza, akaikalia, akalia. Akiisha kulia akapata hasira, na hasira ya mtu mpole usiombe uione. Sawa, akasema. Mimi nina tuta moja kama wao. Nitalinywesha hilo, na wao wataona kwa macho yao nani alikuwa anamwagilia haya mengine.

Alifanya hivyo kila alfajiri ya wiki ile. Ndoo moja, tuta moja, anafunga, anaondoka. Msifikiri ilikuwa rahisi. Bamia ziliinamisha vichwa kama watoto waliokosa, bilinganya zikanywea, mchicha wa mwalimu ukageuka rangi, naye alipita katikati yake akiangalia chini, akijiambia Jumamosi haiko mbali. Ijumaa gari la mwenye mbao lilipita, likasimama, kioo kikashuka. Jioni mwalimu akapata ujumbe kwenye simu: pamekauka, nimeona, mwisho wa mwezi nikikuta hivi naleta mafundi.

Jumamosi watu walikuja mapema kuliko kawaida, na hapakuwa na vicheko. Walisimama wakitazama. Bustani nzima ilikuwa ya kahawia, isipokuwa tuta moja pembeni, karibu na koki, lililokuwa kijani kibichi. Bi Ndoo alikaa kwenye gogo, mikono mapajani. Alisubiri wa kwanza kuelewa.

Mwalimu alikohoa. "Hatukukutana kulaumiana," alisema. "Mnajua sheria yetu. Mimi tuta langu limekauka, nakiri, nilikuwa na mafua. Kukauka si kosa. Lakini shemeji," na hapo sauti ikamlegea, "lako limelowa."

"Limelowa," alisema Bi Ndoo.

"Kwa hiyo ulikuwepo," alisema kinyozi, taratibu, kama mtu asiyetaka kufika anakokwenda. "Mama, mimi sikuwepo wiki hii. Dada muuguzi hapa hakuwepo, alikuwa na zamu hospitali. Sisi hatukupita. Wewe ulipita, na ndoo mkononi, ukayaacha."

Wote wakatazama ardhi. Na mtu akiipima hesabu yao kwa sheria ya ukutani, ilikuwa hesabu safi isiyo na kasoro. Aliyelala hakupita, na asiyepita hana kosa. Katika bustani nzima mwenye hatia alikuwa mmoja, yule aliyeamka.

Bi Ndoo aliwatazama uso kwa uso, akitafuta aliyejua. Kulikuwa na huzuni, kulikuwa na mshangao, na kwa muuguzi kulikuwa na machozi yanayokaribia. Ujuzi haukuwemo. Hawakuwa wanafiki hata kidogo. Kila mmoja aliamini kabisa kwamba ni kwa wiki hii moja tu zamu ya wengine ilikwama, na kwamba mtu mmoja aliyekuwepo amewaangusha. Swali alilokuwa nalo mdomoni lilikuwa fupi: nani kati yenu amemwagilia tuta lake mwaka huu? Angeliuliza tu, angewamaliza.

Lakini akaona na yatakayofuata, wazi kama kitambaa kilichotandikwa mezani. Wangetazamana. Mwalimu angelia, kinyozi angempigia magoti, na wote wangesema kwa sauti moja, Bi Ndoo, kumbe bila wewe hakuna bustani. Wangemsifu mpaka apasuke. Na mtu akishaambiwa bila yeye hakuna bustani, anakwenda wapi? Wiki inayofuata angekuwa pale pale, alfajiri, na mdogo wake angekuwa ameshazoea zaidi.

Muuguzi akamfuata, akachutama mbele yake, akamshika mikono. "Dada, umri umeenda," alisema. "Na una mgonjwa, mawazo yako hayapo hapa. Sisi ndio tumekosea kukuachia koki peke yako. Tupe ufunguo upumzike. Tutapanga zamu, majina kabisa, kila siku mtu wake. Tusipofanya hivyo yule bwana atatujengea ghala hapa."

Mlango wa kumwendea mdogo wake ulikuwa wazi, ila ulikuwa mfupi, na mtaka kupita ilibidi ainame. Aache hapo jina lake. Hakuwa na mali nyingine ya maana, fundi yule. Kwa miaka yote aliyoishi mtaani hakuna aliyewahi kusema Bi Ndoo amekosa.

"Ni kweli," alisema. "Nilipita. Nisameheni."

Wakamsamehe, tena vizuri mno. Walimkumbatia mmoja mmoja. Kinyozi akaichukua ndoo, akaenda kwenye koki iliyokuwa imeshakauka, akarudi na maji ya kwenye mapipa ya nyumbani kwake, akamwagilia tuta la mwalimu, na mwalimu akamwagilia la kinyozi. Mwanamke mmoja akanong'ona kwa mwenzake, lakini alikuwa mchapakazi. Alikuwa. Bi Ndoo alilisikia neno hilo, akashukuru, akaomba ruhusa ya kwenda kufunga mizigo. Kusamehewa kosa usilolitenda ni tonge gumu, halishuki hata kwa maji.

Kwenye basi alikaa dirishani akiwa na hasira njia nzima. Aliwajibu majirani zake kimoyomoyo, majibu mazuri, makali, moja baada ya jingine, mpaka abiria wa pembeni akamuuliza kama yuko salama.

Mdogo wake alikuwa amepungua. Bi Ndoo hakusema, maana ndiyo tabia yake, lakini mikono yake ya fundi ilijua alipomvua gauni kumwogesha: lilikuwa limebaki kubwa pande zote mbili. Alimwogesha, akamkanda, akabadilisha mashuka, akamshika kiuno wakaenda chooni wao wawili, hatua kwa hatua, bila binti wa jirani. Siku zikapita hivyo. Hawakuzungumza sana. Mdogo wake alishukuru kwa kila kitu, kama mtu anavyomshukuru mgeni, na hilo lilimuuma Bi Ndoo kuliko kikao cha bustani.

Mchana mmoja simu ililia. Alikuwa anamchana mdogo wake nywele, mikono ina mafuta, kwa hiyo akabonyeza sauti kubwa akaiacha kitandani. Aliyepiga alikuwa muuguzi, na nyuma yake kinyozi akidakia. Walitaka ajue kwamba zamu zinakwenda, ingawa, jamani, kumbe kumwagilia ni kazi. Bamia zimefufuka. Mwenye mbao amepita hajasimama. "Na tuta lako tunakumwagilia, mama," kinyozi alipaza sauti. "Usiwe na mawazo. Yale tulishayasahau."

Simu ikakatika. Mdogo wake akageuza shingo. "Yale yapi?"

"Si kitu."

"Dada. Yale yapi?"

Bi Ndoo akaendelea kuchana. "Nilipita matuta ya watu yamekauka, nina maji mkononi, sikuyamwagilia. Wakanisamehe."

Mdogo wake akacheka, akacheka mpaka akashika nyonga kwa maumivu, na kicheko kikaishia mahali ambapo hakikuwa kicheko tena.

"Wewe," alisema. "Mimi nimelala hapa nikijikojolea kwa ajili ya bamia za watu, halafu wao ndio wanakusamehe?"

Kichana kikasimama. Bi Ndoo aliyaacha majibu yale mazuri ya kwenye basi, yalikuwa ya majirani. Akafuta mikono kwenye kanga, akafuta tena, mafuta hayakutoka.

"Na wewe, mdogo wangu?" aliuliza. "Wewe umenisamehe?"

"Mimi bado," alisema mdogo wake, akageuza kichwa chake ili nywele zimalizwe. "Kaa kwanza."

Bi Ndoo akavuta kigoda, akakaa.